Dirisha la Kwanza Halilii

Jumanne, 4 Machi

Basi lile dirisha la kwanza la dawa hapa hospitali, Mke Mwenzangu, halikulia. Karatasi ile ile ya daktari, mzee yule yule, na kikohozi chake kile kile cha kukwaruza kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Kule dirisha la tatu mashine ilikuwa imelia pii pii pii, kioo kikawa chekundu, yule mama akamrudishia karatasi yake: "Rudi kwa daktari akubadilishie, baba, hii mwili wako unaikataa." Mzee akaona uvivu. Akajikokota hadi dirisha la kwanza, akapitisha karatasi hiyo hiyo. Kimya. Akapewa dawa zake, akaondoka anachekelea kama kamwibia mtu. Nikamwambia Mwalimu, mashine ya dirisha la kwanza ina masikio mazito kama mimi.

Mwalimu ndiye anayeniandikia. Utamkumbuka, yule mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili kutoka kwetu, aliyeteleza bafuni akavunjika mguu. Kalazwa hapa, kitanda cha saba, na mimi nimekuja kumwuguza. Nakaa naye mchana kutwa. Hali chakula vizuri, anachagua chagua kama mwali.

(Mimi mwandishi naandika kila neno linalosemwa, kama nilivyoamriwa. Hata hilo.)

Kwenye simu usinitafute. Nasikia upepo tu, na wewe unabaki kusikia mimi nikiuliza "nani?" mpaka salio linaisha. Barua ni nzuri. Dereva wa basi anaichukua asubuhi, kesho yake unayo, na mtu akisema jambo limesemwa. Babu yako, mume wetu yule, alikuwa hapendi barua. Alisema barua ni kumpa mtu ushahidi. Nilikuwa nasema nini?

Mashine. Je, si ile yako? Ile iliyokuleta hapa mwezi wa kwanza, ukalala kwangu wiki mbili na kunimalizia sabuni? Ulisema unawawekea mlinzi. Daktari akiandika dawa ambayo mwili wa mgonjwa unaikataa, mlinzi anapiga kelele pale dirishani kabla haijatoka. Ukaniandika na mimi humo. Ile sindano ya penisilini ya zamani, iliyonivimbisha mpaka Babu yako akapita kitandani kwangu anauliza mkewe kawekwa wapi. Ukaniambia, "Bibi, hata wewe ukisahau, mashine haitasahau. Na ukoo wake wote nimeuweka, maana dawa hiyo ina ndugu zake wenye majina mengine." Nililala vizuri siku hiyo.

Manesi nao wanalala vizuri. Zamani ukifika tu wanakuuliza, "Mama, kuna dawa inayokudhuru?" Sasa hawaulizi. Ukiwaambia mwenyewe wanasema mashine inajua.

Lakini hili la dirisha moja kulia na jingine kunyamaza, ni kawaida? Wa dirisha la tatu tunamwita Mama Swichi. Kila jioni anazima kila kitu, mpaka feni, anaogopa umeme kama paka anavyoogopa maji. Asubuhi anawasha upya. Wa dirisha la kwanza yeye hazimi. Kabandika karatasi juu ya kitufe, Mwalimu kanisomea, imeandikwa HAIZIMWI. Wakibadilishana zamu, mmoja anainuka, mwingine anakaa palepale kiti kikiwa bado cha moto. Ndiyo tukampa jina, Bwana Haizimwi. Dirisha la pili ni la watoto, sijalichunguza.

Nauliza tu. Maana kitanda cha tisa yupo mshonaji mmoja, mcheshi kweli, anatushonea vifungo vya magauni akiwa kalala, na yeye penisilini inamkataa kama mimi. Na dawa za wadi yetu zinatoka dirisha la kwanza.

Kidole gumba cha Bibi yako,
kwa mkono wa Mwalimu


Alhamisi, 6 Machi

Shikamoo Bibi. Mwalimu, shikamoo, pole na mguu.

Barua imefika jana mchana, nimeisoma nikiwa nimesimama korido ya ofisi. Usiwe na wasiwasi. Ni jambo dogo. Ila naomba unijibu upesi: karatasi ya HAIZIMWI imebandikwa tangu lini? Na je, kuna mtu amewahi kuzima ile kompyuta ya dirisha la kwanza tangu mimi niondoke? Hata mara moja? Hata umeme kukatika?

Nitakueleza kwa nini nauliza. Ile kompyuta kubwa iliyofungiwa kwenye chumba cha baridi, tunayoiita seva, ichukulie ni nyumba. Dirisha la dawa likifunguliwa, nyumba inamzaa mhudumu mmoja wa dirisha hilo peke yake. Sisi tunaita sesheni, wewe iite zamu. Mhudumu akizaliwa anakuta orodha mlangoni: ingia na huyu, ingia na yule. Jina la mlinzi limo. Anamchukua, anamwamsha, wanafanya kazi pamoja mpaka dirisha lifungwe. Likifungwa, mhudumu anakufa na mlinzi wake. Kesho anazaliwa mwingine, anasoma orodha upya.

Lakini orodha inasomwa mara moja tu, pale mlangoni. Mhudumu aliyezaliwa kabla jina la mlinzi halijaandikwa, hatarudi kusoma. Yeye yuko ndani tayari. Ataendelea kutoa dawa bila mlinzi siku zote za uhai wake, na wala hajui kuna kitu anakosa.

Kwa hiyo mwambieni tu huyo bwana azime, awashe, aingie upya. Dakika mbili. Fundi tuliyekuwa naye pengine alisahau kuzungukia madirisha yote. Mwambieni taratibu, msitaje ofisi yetu.

Na Bibi, umeandika "wadi yetu". Ni ulimi tu, siyo? Wewe unarudi nyumbani jioni, siyo?

Mke Mwenza wako


Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda mwenyewe kwa Bwana Haizimwi. Nikamsalimia vizuri, nikamsifia na shati. Nikamwambia, "Baba, hebu izime hiyo mashine kidogo, halafu uiwashe." Akanitazama juu ya miwani.

"Bibi, unaumwa mguu au unaumwa kompyuta?"

Nikasema naumwa mguu, lakini mashine yako nayo...

(Nimemwuliza kama nifute hapo penye mguu. Amesema acha.)

Haya, umenikamata. Sikuja kumwuguza Mwalimu. Mwalimu na mimi wote ni wagonjwa, yeye kitanda cha saba, mimi cha nane. Ni bati la uzio, lilinichana juu ya kifundo, nikasema kidonda kitapona chenyewe. Hakikupona. Leo wiki ya tatu niko hapa. Sikukwambia kwa sababu ningekwambia ungeacha kazi ukaja, na kazi yenyewe ina miezi mitano tu. Usinune. Ungekuwa mbele yangu ningekupiga kofi la mapenzi tukayamaliza.

Sasa nisikilize yaliyotokea jana, maana Mwalimu mkono unamchoka.

Asubuhi nesi akaja na sahani ya dawa. Mshonaji alikuwa anatia uzi kwenye sindano, kaubana mdomoni, anamtania Mwalimu kwamba akipona atamshonea suruali ya mguu mmoja. Nesi akampa vidonge viwili. Mshonaji akauliza, "Hii siyo penisilini?" Nesi akasema, "Siyo, mama. Na mashine imepitisha." Mwalimu akaisoma pakiti. Kweli siyo, jina jingine refu. Mshonaji akameza.

Sijui ni dakika ngapi. Mimi nilikuwa nawasimulia habari ya Babu yako na viatu vilivyobana, na wote wanacheka, halafu yeye akaacha kucheka. Midomo ikajaa. Macho yakafumba yenyewe. Akawa anatafuta hewa kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka chini ya kitanda, anainama, anapapasa, hakioni. Mwalimu akapiga kelele ile ya darasani, "Nesi!", mpaka madirisha yakatetemeka. Wakaja mbio, wakavuta pazia, wakamsukuma na kitanda chake. Mkasi wake umebaki juu ya kabati. Hatujui kitu mpaka sasa. Tukiuliza tunaambiwa tupumzike.

Mimi ndiye niliyejua kwamba dirisha lile halilii. Nililijua tangu Jumanne, nikalicheka.

Jana hiyo hiyo ndipo barua yako ikafika, jioni. Ndiyo leo nimekwenda kwa Haizimwi. Alipoona nang'ang'ania, akaniinamia sikioni, siyo mtu mbaya. Akasema mwezi wa kwanza alikuja binti mmoja fundi, akazima kompyuta kubwa, ikakataa kuwaka nusu siku nzima. Foleni ikafika getini. Watu wanalia, yeye anatukanwa, hana dawa anayoweza kuitoa. Akaniambia, "Bibi, siku ile nilizeeka. Ilipowaka tu nikaingia, nikabandika karatasi, na tangu siku hiyo hatujatoka humo. Atakayegusa kitufe hiki atanigusa mimi."

Binti mmoja fundi.

Mke Mwenzangu, huyo fundi aliyesahau kuzungukia madirisha, namjua?

Daktari anasema kidonda changu kinataka dawa kali zaidi. Karatasi itatoka Jumatano. Naogopa, na mimi siyo mwoga, wewe unajua, nilizalisha mbuzi gizani peke yangu nikiwa na miaka tisa. Lakini hii naogopa. Nikikiangalia kile kioo cha dirisha la kwanza, cheupe, kimya, naona kinaniangalia.

Kidole gumba cha Bibi yako,
kwa mkono wa Mwalimu


Jumatatu, 10 Machi

Bibi,

Unamjua. Ni mimi.

Nimeanza kuandika mara nne. Ngoja niseme moja kwa moja kabla sijaogopa tena.

Kuna orodha mbili. Hiyo ya mhudumu niliyokueleza, na nyingine kubwa zaidi, inayosomwa na nyumba yenyewe inapoamka. Mlinzi nilimwandika kwanza kwenye ile kubwa, ili kila atakayezaliwa amkute. Ukiandika hapo lazima nyumba ilazwe na kuamshwa upya. Nikailaza. Lakini faili la mlinzi nilikuwa sijaliweka mahali pake. Nyumba ikaamka, ikasoma jina, ikamtafuta, haikumwona ndani, na ikakataa kuamka kabisa. Hivyo ndivyo ilivyoumbwa, jina likiwa kwenye orodha ile na mwenyewe hayupo, haiendelei. Nusu siku natafuta kosa huku nasikia watu nje. Huyo bwana wa dirisha la kwanza alinijia na kidole usoni: "Ukigusa tena kitu hapa, utaondoka kwa machela."

Ilipowaka nikafuta jina kwenye orodha kubwa. Kesho yake nikaliandika kwenye ile ndogo, ambayo haihitaji kuilaza nyumba. Nikafungua zamu mpya kwenye kompyuta yangu, nikajaribu dawa iliyokatazwa, mlinzi akalia. Nikafurahi mpaka nikakununulia mfuko mzima wa sabuni, unakumbuka? Kwenye fomu ya makabidhiano kuna mstari unauliza: zamu zote za zamani zimefungwa? Ilibidi niende dirisha kwa dirisha. Nilifika mpaka mlango wa chumba cha dawa. Nikamwona yule bwana ananiangalia. Nikageuka. Nikaandika "ndiyo", nikasaini.

Niliijaribu mimi, Bibi, kwenye zamu yangu mwenyewe. Kwangu ililia. Nikadhani imelia kila mahali.

Ruhusa yangu ya kuingia huko nikiwa mbali ilifungwa siku niliyosaini. Lazima nipitie kwa bosi, na bosi yuko safari mpaka Ijumaa. Na hata akiwepo, itabidi aone fomu. Atasema mtu ameumia kwa sababu ya saini yako. Nimepiga simu hospitali leo. Mara mbili nimekata kabla hawajapokea. Mara ya tatu nikaongea na mwenyewe wa dirisha la kwanza, nikamwomba azime. "Kwa sababu gani?" Nikasema kawaida tu, matengenezo. Akasema, "Kwa kawaida tu haizimwi," akakata. Nilikuwa na sababu mdomoni, Bibi. Haikutoka.

Nitakuja Jumamosi. Nitakuwa nimeshaongea na bosi. Siku tano tu.

Mpaka hapo, sikiliza. Mwalimu, tafadhali mwandikie kwa herufi kubwa kwenye karatasi yake peke yake: PENISILINI, AMOKSILINI, AMPISILINI, KLOKSASILINI. Hao ni ukoo mmoja. Siyo wote, wengine wanajulikana na daktari na mlinzi tu. Kwa hiyo Jumatano usiende dirisha la kwanza. Ipeleke karatasi yako kwa Mama Swichi wa dirisha la tatu, pale mlinzi yupo. Nakuomba. Usinywe kitu ambacho hakikupita pale.

Na barua hii usimwonyeshe mtu. Mwalimu, najua wewe umeisoma tayari, nisamehe. Mtu mwingine asiione. Ichaneni.

Mshonaji anaendeleaje?

Mjukuu wako


Jumatano, 12 Machi

Tuko kwenye benchi, mimi na Mwalimu, mbele ya madirisha ya dawa. Yeye mguu kaunyoosha katikati ya njia na kila anayepita anamruka. Barua yako nimesomewa jana mara mbili. Hatujaichana.

Kitanda cha tisa kimetandikwa upya. Shuka imekazwa, mto umepigwa katikati kama hakuna aliyewahi kuulalia. Wengine wanasema kahamishiwa hospitali kubwa, wengine ukiwauliza wanaangalia saa. Binti yake alikuja kuchukua mkasi. Nilimkabidhi mwenyewe. Alikuwa kavaa gauni ambalo vifungo vyake vinang'aa.

Mama Swichi leo hayupo. Ana ruhusa, sijui ya harusi, sijui ya nini. Dirisha la tatu limefungwa, na pazia limeshushwa. Dirisha la pili nimekwenda, wakaniuliza mtoto yuko wapi, nikasema ndiyo mimi. Wamecheka lakini hawakunihudumia. Karatasi yangu nesi kaipeleka la kwanza, imo kwenye rundo. Nimeiona mkononi mwake, siwezi kusoma lakini kona yake imekunjika, naijua.

Nitakwambia jambo ambalo hata Babu yako sikumwambia, na Mwalimu aliandike lote.

Kabla mama yako hajazaliwa nilikuwa dobi kwenye hoteli. Tulikuwa wanawake kumi na wanne, shuka mia kwa siku. Tulikuwa na mapipa mawili, jeupe la dawa ya kung'arishia shuka na la buluu la maji ya kunywa. Siku moja pipa jeupe likapasuka. Msimamizi akaniambia, "Dawa imeingizwa kwenye la buluu mpaka kesho. Wewe una mdomo, waambie wenzako wote wasinywe." Kweli nina mdomo. Nikasimama mlangoni, kila anayeingia namwambia, "Dada, la buluu leo siyo la kunywa." Nikahesabu kumi na mmoja. Nikaona nimemaliza kazi, nikaenda mwenyewe kwenye pipa kujaribu, nikainusa ile dawa, nikajua ninajua. Nikaanza kufua.

Wapiga pasi wawili walikuwa ndani tangu alfajiri. Hawakupita mlangoni kwangu. Mmoja alisikia wenzake wakisema. Mwingine alikuwa mwimbaji, akipiga pasi anaimba na hasikii mtu. Saa nne akasikia kiu.

Hakufa. Lakini hakuimba tena, sauti yake ikawa kama karatasi inayokunjwa. Na msimamizi alipouliza nani aliambiwa awaonye, mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, mikono ina povu. Nilinyamaza. Naye akanyamaza, maana na yeye alikuwa na lake. Ikasemwa yule mwanamke ni mzembe, anakunywa bila kuangalia. Akafukuzwa. Mimi nikabaki miaka kumi na miwili. Kila asubuhi napita pale penye ubao wake wa pasi.

Kwa hiyo ulivyonieleza hizo orodha zako na wahudumu wanaozaliwa, Mwalimu alikuwa ananifafanulia pole pole kama mtoto, nikamwambia acha, hili nalijua kuliko yeye. Mtu anasimama mlangoni na kudhani nyumba nzima imesikia.

Wewe una hofu ya bosi. Naielewa, niliivaa hiyo hofu nikazeeka nayo. Lakini unasema siku tano, kutoka Jumatatu. Mimi niko hapa benchini tangu asubuhi, nimehesabu waliopita dirisha lile. Thelathini na wawili. Kila mmoja namwuliza, "Mwili wako unakataa dawa gani?" Wengine wananijibu, wengine wananiona kichaa. Mama mmoja mjamzito kaniambia, "Bibi, si mashine ipo?" Ameondoka na mfuko wake, na mimi nimemfuata kwa macho mpaka getini, anatembea vizuri, anatembea vizuri, halafu amekata kona.

Orodha yako ya herufi kubwa ninayo, Mwalimu kaibana na pini hapa kifuani kama mtoto wa shule anayepotea potea. Hiyo itanisaidia mimi, kama bahati. Umesema mwenyewe wapo ndugu wengine huwajui kuwataja. Na huyu aliye nyuma yangu kwenye foleni ana pini gani?

Nimefikiri usiku kucha na tangu asubuhi. Bwana Haizimwi anataka sababu. Nikimwambia mimi, ni bibi kizee anaumwa kompyuta. Mwalimu akimwambia, atasema na wewe umeambukizwa. Hatazima kwa maneno yetu. Lakini iko barua ambayo fundi mwenyewe, yule binti aliyemfanya azeeke, ameeleza kwa mkono wake nini kilifanyika, na jinsi alivyosaini. Hiyo ataisoma. Akiisoma atazima. Na akishaisoma ataipeleka kwa mkubwa wake, na mkubwa wake atampigia bosi wako huko aliko safarini, na wewe...

(Anaichezea pini ya kifuani. Nasubiri.)

Nisingekuwa mimi ndiye ninayelala kitanda cha nane, ungeandika barua ile? Usinijibu.

Najua uliniomba niichane. Wewe ndiye niliyekufundisha kutembea kwa kukushika kwa ukanda wa gauni. Ukifukuzwa njoo, chumba chako kipo, sabuni ipo, tutagombana. Lakini sitapita tena penye ubao wa pasi wa mtu. Utanichukia kidogo. Chuki ya mjukuu naiweza. Ni ile nyingine ndiyo...

Naona Bwana Haizimwi anachukua karatasi. Siyo yangu. Siyo yangu. Yenye kona iliyokunjika.

Anaita, umesikia Mwalimu? Siyo upepo? "Kitanda cha nane, Bibi wa mguu, dirisha la kwanza!" Nakuja, baba, nakuja, mguu mmoja huo unataka mbio gani! Mwalimu, nipe ile barua ya mjukuu wangu nimpe aisome. Siyo hii, ile. Hii usiikunje, na chini hapo acha nafasi ya kidole, nikirudi nitaweka.